Muziki wa Kusoma kwa Macho

Muziki ni kitu cha sikio, lakini sisi wa Songea kwa miaka mingi tuliufahamu pia kwa macho. Dar es Salaam iko mbali, zaidi ya kilomita 900, na kabla barabara ya lami ya kutoka Makambako haijakamilika katika miaka ya 1980, gazeti lilitufikia likiwa limekwisha chakaa. Sauti za bendi tulizipata kwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Sura za wanamuziki, mavazi yao na ugomvi wao tulivipata gazetini. Basi ni halali kuuliza: maadam wimbo haukuwemo ndani ya karatasi, gazeti lilituuzia nini?

Kwa maoni yangu lilituuzia uenyeji. Lilimfanya mtu wa mbali ajione mwenyeji wa mji ambao hajaukanyaga. Kazi hiyo ilifanywa na maneno pamoja na sura ya ukurasa, na historia yake inastahili kufahamika, hasa kwa walimu.

Tuanze na jarida la Drum, lililoanzishwa Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 1951. Matoleo yake ya mwanzo yalijaa habari za vijijini, mila na dini, yaani yale ambayo wenyewe walidhani Mwafrika angependa kuyasoma. Wasomaji wa mijini hawakuvutiwa. Walitaka jazi, mpira na maisha ya mjini kama wanavyoyaishi. Mwaka huohuo ofisi ikahamia Johannesburg, Anthony Sampson akawa mhariri, na jarida likageuka: msichana anayetabasamu jaladani, picha kubwa za wanamuziki ndani, na masimulizi yenye lugha ya mitaani. Baadaye likatolewa toleo la Afrika Mashariki. Lilikuwa la Kiingereza, lakini picha haihitaji mkalimani. Vijana waliozikata picha hizo na kuzibandika ndani ya vifuniko vya masanduku yao ya bati bwenini hawakuwa lazima wameyasoma maelezo yaliyo chini yake.

Hata hivyo, katika kurasa za aina hiyo, karibu na mwimbaji palikuwa na tangazo la krimu ya kujichubua. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudiwa kuanza tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu hizo. Novemba 1969 muziki wa soul wa Wamarekani weusi ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Barua zilimiminika magazetini, wengine wakiunga mkono, wengine wakipinga. Nia ya kulinda heshima ya Mwafrika siwezi kuibeza. Lakini amri ile ilishughulikia nguo na nyimbo. Haikumfundisha kijana kuutazama ukurasa na kujiuliza: kwa nini uso huu umewekwa jirani na krimu hii?

Kisha likaja zama la dansi letu wenyewe. Kila bendi ilikuwa na mtindo, na kila mtindo ulikuwa na jina: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na baadaye kuitwa JUWATA Jazz, ilikuwa na Msondo, Mlimani Park ilikuwa na Sikinde, jina lililotoka katika ngoma ya Wazaramo, Maquis walikuwa na Kamanyola. Neno moja fupi kama hilo linatosha kujaza kichwa cha habari kwa herufi nene, na msomaji akalisoma akiwa upande wa pili wa barabara. Waandishi nao wakaazima lugha ya Simba na Yanga. Muhidin Maalim Gurumo alipoondoka JUWATA mwaka 1978 kwenda Mlimani Park, na mwaka 1985 alipokwenda Orchestra Safari Sound na mtindo wa Ndekule, mambo hayo yalizungumzwa kama uhamisho wa mchezaji. Mtu wa Peramiho au Mbinga alichagua upande, Msondo au Sikinde, akabishana kwa uchungu juu ya ukumbi ambao hajapata kuuona. Tukumbuke pia kwamba jumuiya ya wafanyakazi iliyomiliki bendi ya Msondo ndiyo iliyokuwa na gazeti la Mfanyakazi. Si kosa, lakini msomaji makini hujua anayesifu ni nani na kinachosifiwa ni cha nani.

Miaka ya 1990 ilileta magazeti binafsi, redio binafsi na Bongo Fleva. Kurasa zikawaka rangi nyekundu na njano, picha zikachorewa duara na mishale. Lugha ikawa ya kijiweni: mshikaji, kuchana mistari, bab kubwa. Alama ya kuuliza ikapata kazi mpya, kumtuhumu msanii bila kumtuhumu. Wazee wenzangu walilia kwamba Kiswahili kinakufa. Sikukubaliana nao. Nilifundisha walimu miaka mingi, na najua kijana asiyefungua kitabu anaweza kusoma gazeti la wasanii kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tena tazameni jina la Joseph Haule, jina la ukoo linalosikika sana huku kwetu kusini. Akiwa na kundi la Hard Blasters aliitwa Nigga Jay, jina lililobeba tusi la kuazima kutoka Marekani. Alipotoa albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, jaladani alikuwa Professor Jay. Ndani ya utamaduni uleule uliodhaniwa ni wa kihuni, kijana alichagua cheo cha chuo kikuu, na vijana wakakipenda.

Leo kurasa hizo zimehamia kwenye simu, na rangi zake zinang'aa zaidi. Mwalimu anayezinyang'anya anarudia yaliyofanyika mwaka 1969. Ni heri achukue ukurasa mmoja darasani, awaulize wanafunzi: nani anasema nasi hapa, kwa nini ametumia maneno yetu, picha imekatwa wapi, na mwisho wake anataka tununue nini? Somo hilo halihitaji mtaala mpya. Linahitaji ukurasa mmoja na dakika 40.