Kioo cha Wengine, Ushanga Wetu

Miaka miwili sasa, jioni za Jumamosi, mimi hukaa mbele ya mwali wa gesi katika banda lililo nyuma ya nyumba yangu hapa Uingereza na kutengeneza shanga za kioo. Kazi hii ni rahisi kuieleza, ngumu kuitenda. Ufito wa kioo huyeyushwa hadi ncha yake ilegee kama asali, kisha huzungushwa juu ya ujiti wa chuma uliopakwa udongo ili kioo kisigande. Ushanga ukipoa upesi hupasuka. Kwa hiyo hutiwa katika tanuri dogo lenye joto la takriban nyuzi 500 za Selsiasi, ukaachwa upoe polepole usiku kucha. Asubuhi huvuliwa, na pale palipokuwa na chuma pamebaki tundu la uzi.

Mwalimu aliyenifundisha alizitazama shanga zangu za mwaka wa kwanza, akasema kwamba zote zilikuwa za Venice. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa wapi? Jibu lililonijia lilikuwa la mtu aliye mbali na kwao: nitatengeneza shanga za Kiswahili. Nilipofungua vitabu ili nizijue shanga hizo zikoje, jibu likaniponyoka.

Watu wa pwani yetu walikuwa mafundi wa shanga tangu zamani, lakini shanga zao zilikuwa za makombe ya baharini. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, na Tumbe, Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusugulia makombe hayo. Kioo kililetwa na vyombo vya bahari. Shanga nyingi za kioo zilizofukuliwa Unguja Ukuu, za zama za kabla ya mwaka 1000, asili yake ni Asia ya Kusini. Karne nyingi baadaye zikaja za Venice, mji ambao mwaka 1291 uliamuru tanuri zake za kioo zihamishiwe kisiwa cha Murano. Katika karne ya 19 shanga hizo ziliuzwa Zanzibar kwa frasila, na barani zikahesabiwa kwa kete, kete 10 zikifanya fundo moja.

Basi shanga walizovaa bibi zetu hawakuziyeyusha wao. Je, zilikuwa zao?

Richard Burton, aliyesafiri barani kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kwamba biashara hiyo ilikuwa na aina za shanga zipatazo 400. Moja ilikuwa samisami, nyekundu juu na nyeupe ndani, ambayo pia iliitwa kivunja-mji kwa jinsi wanawake walivyoipenda. Henry Morton Stanley, alipokuwa akinunua shehena yake Zanzibar mwaka 1871, alilazimika kuuliza kwanza kila nchi inataka nini. Wanyamwezi walipendelea nyekundu. Nyeusi zilikubalika Ugogo, kwingine hazikuwa na thamani. Za umbo la yai zilipokewa Ujiji na kukataliwa mahali pengi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika njia ile ushanga uleule ulikuwa chema siku moja na kibaya baada ya safari ya majuma machache. Aliyeamua ni mvaaji. Msafiri aliyekosea rangi alibebesha wapagazi wake mzigo usioweza kununua hata chakula.

Nisiipambe habari hii kupita kiasi. Shanga hizohizo zilinunua pembe za ndovu, na mara nyingine zilinunua watu. Uhuru wa kuchagua rangi haukuwa uhuru wa kila jambo, na baadhi ya waliozibeba hawakupata kuzivaa.

Karne nyingi kabla ya Burton, kuna watu waliokwenda mbali zaidi ya kuchagua. Katika bonde la mto Limpopo, mahali panapoitwa K2, jirani na Mapungubwe, wakazi wa karne ya 11 na ya 12 walipokea shanga ndogo za kioo kutoka biashara ya Bahari ya Hindi. Wakazikusanya, wakaziyeyusha upya katika kalibu za udongo, wakatoa shanga kubwa zenye umbo la pipa. Kioo kilikuwa cha ng'ambo. Umbo lile lilikuwa lao.

Habari ya K2 ndiyo iliyonirudisha bandani. Nilianza kuyeyusha mabaki ya fito zangu pamoja na vipande vya chupa, nikapata somo jingine: vioo vya asili tofauti havinywei sawasawa vikipoa, na ushanga uliochanganywa ovyo hupasuka hata baada ya siku kadhaa. Ni lazima kujua kipi kinakubaliana na kipi. Sisi tunaoishi ugenini hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hilo.

Mwaka jana nilimpelekea shangazi yangu, aliyeko Muscat, mkufu wa shanga 40, wa buluu na wekundu. Nilidhani hatimaye nimeuona mtindo wangu. Alipiga simu baada ya wiki. "Ahsante, mwanangu, Mungu akubariki," alisema. "Hizi za buluu nimezitoa, zanilemea shingo. Nyekundu nimezitunga upya. Niongezee, lakini ziwe ndogo, na tundu liwe pana, uzi wangu mnene."

Nilinyamaza kidogo, nikatafuta kalamu. Sasa natengeneza nyekundu, ndogo, zenye tundu pana. Mwalimu wangu alipoziona hakutaja tena Venice. Aliuliza nimejifunza wapi. Nilimwambia ni shangazi yangu, ambaye hajapata kushika ufito wa kioo maishani mwake.