Neno “Tao” katika Msamiati wa Majengo ya Kale ya Pwani: Umbo na Kazi

Kiarabu hulitumia neno qaws kwa upinde wa mshale na pia kwa tao la jengo. Kilatini nacho kilifanya vivyo hivyo kwa neno arcus. Kiswahili hakikuifuata njia hiyo. Neno upinde lilibaki kwa mwindaji na kwa mvua, na sehemu ya jengo ikaitwa tao, neno ambalo tangu hapo lilibeba dhana ya mzunguko na mpindo. Mto hupiga tao, njia hupiga tao, na mwenye maringo huenda kwa matao. Kwa hiyo tao hutaja kwanza mstari unaoonekana, wala halisemi lolote kuhusu uzito unaobebwa.

Sifa hiyo iliafikiana na ujenzi wenyewe. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja ziliezekwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Tao halikuhitajika ili kufunika ukumbi. Lilikaa mlangoni, kwenye zidaka na juu ya mihrabu. Mara nyingine lilichongwa katika bamba la matumbawe, likawa pambo lenye umbo la tao tu. Milango ya Gedi iliyochongoka juu huitwa tao pia, ingawa hiyo ni nafasi halisi iliyokatwa ukutani.

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani unalitia neno hili katika mtihani mgumu zaidi. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo ya kale, ilikuwa na paa bapa lililoshikwa na nguzo za mbao. Upanuzi wa kusini, ulioanza karne ya 14 na kujengwa upya karne ya 15, una nguzo za pembe nane, na juu yake matao yanayobeba kuba pamoja na dari ndefu zenye umbo la nusu pipa. Hapa tao linasukuma nguzo kando; likipasuka, kilicho juu yake kimo hatarini. Hata hivyo, maelezo ya Kiswahili huyaita yote matao, na wakati mwingine dari hizo nazo huitwa kuba.

Mkanganyiko huo si wa wanaleksikografia pekee. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na kazi ya ukarabati hupita mikononi mwa waashi wanaoelekezwa kwa Kiswahili. Agizo la “kuziba ufa wa tao” halimwambii fundi kama atapaka chokaa kwenye pambo la mihrabu, au ataegemeza mbao kwanza ndipo aguse jiwe. Kubuni neno geni hakuhitajiki, kwani vivumishi vinatosha: tao bebezi kwa linalochukua uzito, tao pambo kwa lililochongwa, dari la tao kwa nusu pipa, na kuba ibaki kwa paa la mviringo. Kamusi za istilahi zinaweza kuanza na hayo manne, kila moja likiambatana na mchoro.