Shule, Rangi na Mpaka: Historia ya Kuchanganyika kwa Wanafunzi wa Arua na Koboko

Historia ya vyuo vya watu weusi katika majimbo ya kusini mwa Marekani na historia ya shule za West Nile, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, zimezoeleka kuandikwa kila moja peke yake, ilhali zilikutana mapema na waziwazi mwaka 1924, pale tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ilipozunguka Afrika Mashariki kuchunguza elimu ya Waafrika. Mwenyekiti wa tume hiyo, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufundisha Hampton, katika jimbo la Virginia, chuo kilichoanzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliyekuwa amesoma na kufundisha katika chuo cha watu weusi cha Livingstone, huko North Carolina. Ripoti iliyotolewa mwaka 1925 ilisifu mfano wa Hampton na wa Tuskegee, chuo cha watu weusi cha Alabama, ambako kilimo, useremala, usafi na malezi ya tabia vilipewa uzito mkubwa, na ikapendekeza elimu ya namna hiyo kuwa ndiyo inayolingana na mazingira ya Mwafrika. Msomi mweusi wa Marekani W. E. B. Du Bois alimpinga Jones kwa ukali, kwa kuwa aliona hatari ya kumpimia mtu mweusi elimu kabla hajapewa nafasi ya kuonyesha uwezo wake, na historia ya West Nile inathibitisha kwamba hofu yake ilikuwa ya haki.

Mwaka huohuo wa 1925 serikali ya kikoloni ya Uganda ilianzisha Idara ya Elimu, baada ya kuwaachia wamisionari kazi hiyo kwa miongo kadhaa. West Nile ilikuwa ngeni kabisa katika utawala huo. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Lado, ardhi aliyokodishwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambayo baada ya kifo chake ilirudishwa Sudan mwaka 1910, kisha kipande chake cha kusini kikaunganishwa na Uganda mwaka 1914, mwaka ambao pia kituo cha utawala cha Arua kilianzishwa. Mipaka iliyochorwa wakati huo iliwagawa Wakakwa katika nchi tatu, wengine wakabaki Koboko upande wa Uganda, wengine Kongo, na wengine Sudan, na mgawanyo huo una uzito mkubwa katika habari za wanafunzi zitakazoelezwa mbele. Misheni ya Africa Inland ilifika Arua mwaka 1918 na kujenga makao yake Mvara, wakati mapadre wa Verona, ambao siku hizi hujulikana kama Wakomboni, walishika Ombaci na Ediofe. Shule zilizozaliwa na misheni hizo zilikuwa nyingi kwa hesabu lakini duni kwa kiwango, kwani zilizotawala ni zile za vijijini, zilizofundishwa na makatekista chini ya paa la nyasi, ambamo mtoto alijifunza kusoma maandiko, kuhesabu kidogo na kulima, na baada ya hapo hakuwa na darasa jingine la kwenda.

Katika Uganda nzima shule zilipangwa kwa rangi: Wazungu na Wahindi walikuwa na shule zao mijini, hasa Kampala, na Waafrika zao, kila kundi likigharimiwa kwa kiwango tofauti. Hata ndani ya shule za Waafrika kulikuwa na ngazi, kwa kuwa shule zilizoheshimika, kama vile King's College Budo iliyofunguliwa mwaka 1906, zilianzishwa kusini, na mwanzoni zilikusudiwa hasa kwa wana wa watawala wa Buganda. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ilipokea wanafunzi kutoka shule hizohizo. Kijana wa Kilugbara au Kikakwa hakukutana na kibao kilichomkataza kuingia, maana karibu naye hapakuwa na shule ya Wazungu ya kumfukuza. Alitengwa kwa umbali, na kwa mpango wa uchumi ulioifanya West Nile kuwa hifadhi ya nguvukazi, yaani eneo ambalo kazi yake kuu machoni pa serikali ilikuwa kutoa vibarua wa mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira na askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Jeshi hilo ndilo lililompokea mwaka 1946 Idi Amin, kijana wa jamii ya Kikakwa aliyekuwa na elimu ndogo mno ya darasani. Utengano wa aina hii ni mgumu kuupinga kuliko ule uliowekwa kwa sheria huko Alabama, kwa sababu hauna sheria ya kupelekwa mahakamani.

Dini iliongeza ukuta wake. Kwa kuwa shule zilikuwa za misheni, wazazi wengi Waislamu wa Koboko na wa Aringa, pamoja na Wanubi ambao wengi wao ni kizazi cha askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria katika karne ya kumi na tisa, walihofu kwamba mtoto akipelekwa shule atarudi amebatizwa, hivyo wakawabakiza watoto wao madrasa, na pengo la elimu lililotokana na hofu hiyo lilidumu kwa vizazi. Lugha nayo ilikuwa na habari yake, ambayo msomaji wa Kiswahili hana budi kuijua. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala kwenye sehemu kubwa ya Uganda, pendekezo lililopingwa vikali na Buganda, Kabaka Daudi Chwa akiwa mstari wa mbele, pamoja na wamisionari wengi. Kiswahili kikabaki lugha ya kambi za jeshi, polisi na soko. Kijana wa Arua aliyekizungumza kwa ufasaha alipofika kusini alikuta wenyeji wakikihusisha na askari na majambazi, hata akalazimika kuinyamazisha lugha ambayo kwao ilikuwa daraja kati ya Mlugbara, Mkakwa, Mmadi na Mualur.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hali ilianza kubadilika. Kamati iliyoongozwa na Bernard de Bunsen ilichunguza elimu ya Waafrika mwaka 1952 na kupendekeza upanuzi wa shule za sekondari na mafunzo ya walimu, shule ya Sir Samuel Baker huko Gulu ikawapa vijana wa kaskazini nafasi ya sekondari bila kuvuka mpaka Buganda, na kuelekea uhuru shule zilizokuwa za rangi moja zikaanza kupokea wengine. Tarehe za Marekani na za Uganda zinafaa kuwekwa pamoja. Mwanafunzi mweusi James Meredith alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha Mississippi tarehe 1 Oktoba 1962, baada ya usiku wa ghasia ambamo watu wawili waliuawa na maelfu ya askari wakatumwa kumlinda, na siku nane baadaye, tarehe 9 Oktoba, Uganda ikapata uhuru. Mwaka 1963 tume ya Profesa Castle iliweka msingi wa mfumo mmoja wa elimu ya taifa, na milango ya shule za Kampala ikafunguka bila bunduki. Utulivu huo unastahili kusifiwa, ingawa umewafanya waandishi wengi waamini kwamba kazi ilikwisha hapo. Karo ilibaki, na Arua ilibaki karibu kilomita 500 kutoka Kampala. Reli yenyewe ilifika Pakwach mwaka 1964, ikaishia hapo bila kufika Arua.

Wachache walipita katika mikondo yote miwili, ule wa shule za kaskazini mwa Uganda na ule wa vyuo vya watu weusi vya Marekani. Taban lo Liyong, mwandishi wa jamii ya Kuku, majirani wa Wakakwa, alisoma Gulu kabla ya kwenda Howard, chuo kikuu mashuhuri cha watu weusi kilichoko Washington, kisha Iowa. Mwaka 1968, akiwa Nairobi pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba, alitia saini waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Waraka huo ulikwenda mbali zaidi ya kuomba nafasi ya kuingia chuoni, kwani ulihoji kinachofundishwa mwanafunzi akishaingia.

Utawala wa Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, uliwafunga wanafunzi wa West Nile kwa jina ambalo hawakulichagua. Baada ya kuanguka kwake, kutokea Arua au Koboko kulitosha kumfanya mtu ashukiwe, akaitwa Mnubi au Msudan katika nchi yake mwenyewe. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Sudan na Zaire, jina la Kongo wakati huo, hasa baada ya mashambulizi ya waliokuwa askari wa Amin ya Oktoba 1980 na kisasi cha jeshi la serikali kilichouharibu mji wa Arua. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa jeshi hilo waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni na chuo cha Mtakatifu Yosefu, Ombaci, mahali ambapo darasa lilikuwa limegeuzwa kimbilio. Waliovuka mpaka waliingia katika shule za ugenini, wengine wakianza upya kwa Kifaransa upande wa Zaire, na waliporejea baadaye katika muongo huo elimu waliyoipata huko haikulingana na mitihani ya kwao.

Hatua za kurekebisha zilikuja polepole: elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, mgao wa wilaya mwaka 2005, utaratibu unaotenga sehemu ya ufadhili wa serikali katika vyuo vikuu vya umma kwa wanafunzi wa kila wilaya, na Chuo Kikuu cha Muni, kilichofungua milango yake karibu na Arua mwaka 2013. Mgao huo ulikosolewa, kwa haki, kwa kuwa mtoto wa tajiri aliyesomea kusini aliweza kujiandikisha kwa jina la wilaya ya babu yake na kuchukua nafasi ya aliyesoma Koboko kwenyewe.

Leo West Nile ndiyo inayopokea wakimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki sawa na mwenyeji katika elimu ya msingi, na vita vya Sudan Kusini vilipowaka upya Julai 2016 makazi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, yaliyofunguliwa Agosti, yalipokea watu zaidi ya 270,000 katika miezi michache, huku Lobule, Koboko, ikiwapokea Wakongo. Mkakwa wa Yei, Sudan Kusini, anayekaa dawati moja na Mkakwa wa Koboko ana ukoo naye na lugha yake, lakini vyeti vyao havifanani, na anayetaka kuendelea na masomo ya juu lazima cheti chake kilinganishwe na Baraza la Mitihani la Taifa, kwa ada ambayo familia nyingi za makazini haziimudu. Ufadhili wa DAFI, unaoendeshwa na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa tangu 1992 kwa msaada wa Ujerumani, huwafikia wachache. Sheria hiyohiyo ya 2006 inataja utambuzi wa vyeti vya kigeni na msamaha wa ada miongoni mwa mambo ya elimu ambayo mkimbizi anastahili kutendewa angalau sawa na wageni wengine. Kinachodaiwa kwa Wizara ya Elimu na Baraza la Mitihani ni kukitekeleza kifungu hicho, na kuwaondolea wanafunzi wa makazini ada ya kulinganisha vyeti.