Baridi Yabisi: Jina la Maradhi na Dawa ya Goti

Miongoni mwa maneno ya tiba ambayo mfasiri hukutana nayo, machache yana historia ndefu kama baridi yabisi. Kwa jina hilo Mswahili hutaja maumivu ya viungo yasiyokwisha, na hasa yale ya goti. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba kila jina walilopewa maradhi hayo limekuja na dawa yake, hata anayechagua istilahi huwa anachagua, ajue asijue, na matibabu.

Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Baridi na ukavu, pamoja na joto na unyevu, ndizo sifa nne ambazo tiba ya Wayunani wa kale, iliyoendelezwa na Ibn Sina (aliyefariki mwaka 1037), ilizitumia kueleza maradhi. Goti likiwa baridi na kavu, dawa yake ni kinyume chake: mafuta ya moto, kukandwa, vyakula vya kutia joto. Asidhani mtu kwamba Ulaya ilikuwa na elimu nyingine. Neno reumatizimu latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mtiririko, kwani iliaminiwa kwamba majimaji mabaya huteremka mwilini na kutua viungoni. Mfaransa Guillaume de Baillou ndiye aliyeliambatisha na maradhi ya viungo, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1642, baada ya kufa kwake. Jina lao na letu ni ndugu wa baba mmoja. Ajabu ni kwamba lao huitwa la kitaalamu na letu la kienyeji.

Mwaka 1859 Alfred Baring Garrod, daktari wa London, aliutenga ugonjwa wa uvimbe wa viungo vingi na jongo, akaupa jina lake. Mwanawe Archibald, mwaka 1907, akautenga nao na ule wa gegedu na mfupa, uitwao osteoathritisi, ambao ndio huwasumbua wazee wengi magotini. Mgawanyo huo haukuwa wa maneno matupu. Mwaka 1948, huko Minnesota, Marekani, Philip Hench alimpa kotizoni mwanamke mwenye ugonjwa ule wa kwanza, naye baada ya siku chache akatembea. Kwa goti la osteoathritisi, dawa za jamii hiyo zikidungwa ndani ya kiungo hutuliza kwa majuma machache tu. Mfasiri anayeandika baridi yabisi kwa yote mawili amempa msomaji dawa ya mwingine.

Lakini jina lenye madhara zaidi leo si hilo, bali ni la karibuni: goti limesagika. Neno hili lalifanya goti kuwa mashine, na mashine iliyosagika hupumzishwa au husafishwa. Kusafisha kulijaribiwa kwa mizani ya haki huko Houston, na matokeo yakatangazwa mwaka 2002. Wagonjwa 180 waligawanywa: wengine walikwanguliwa goti kwa ndani, wengine likaoshwa, na wengine wakachanjwa ngozi tu. Katika miaka miwili hapakuwa na tofauti baina yao. Na kupumzika ndiko kunakodhoofisha misuli ya paja inayolibeba goti. Madaktari sasa huanza na mazoezi ya misuli hiyo na kupunguza uzito, kwani kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Dawa za kutuliza maumivu hufuata, kwa hadhari ya tumbo na figo. Goti la bandia, lililopata umbo lake la kisasa mikononi mwa John Insall huko New York mwaka 1974, ni la mwisho. Nalo hupandikizwa pia katika Taasisi ya MOI, Dar es Salaam.

Mgonjwa aliyeambiwa limesagika, mwambie afanye mazoezi: atakuona unataka kummaliza.

Kwa maoni yetu, baridi yabisi libaki jina la jumla, maadamu ni mali ya watu. Kwa ugonjwa wa goti la wazee tutumie osteoathritisi, ingawa ni neno la kukopa na masikioni halipendezi. Hata madaktari wa Ulaya wamelibishania, wengine wakitaka osteoathrosisi kwa kuwa uvimbe si mwingi. Ubishi huo ni wao. Kwa msomaji wetu neno hilo halina picha yoyote, wala halimzuii kuinuka kitini.