Kujumuisha si Kujumlisha

Andika jumlisha, ufute l, uweke u mahali pake. Umepata jumuisha. Herufi moja tu, lakini ndiyo inayotenga shule iliyomwandikisha mtoto mwenye ulemavu na shule inayomfundisha.

Istilahi yenyewe ni elimu jumuishi. Ilipata nguvu duniani baada ya mkutano wa Salamanca, Uhispania, mwaka 1994, uliotaka shule za kawaida zipokee watoto wote. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na sera yake ya elimu ya 2018 ikaikumbatia njia hiyo. Awali lilitawala neno elimu maalum: mtoto asiyeona alifunga sanduku akaenda shule ya wasioona, kama ile ya Thika. Katikati kuna kile walimu wanachokiita yuniti, darasa la pembeni ndani ya shule ya kawaida. Watoto hukutana gwarideni na wakati wa mapumziko. Kengele ikilia, kila mmoja na upande wake. Hapo wamejumlishwa.

Sarufi inatusaidia. Kiishio -i cha jumuishi ni kile cha shirikishi: kinataja sifa ya anayetenda. Anayejumuisha hapa ni elimu. Tungesema mtoto ajumuike, mzigo ungemwangukia yeye: ajikaze awafikie wenzake.

Shule ya Msingi ya Kilimani, magharibi mwa katikati ya jiji la Nairobi, inajulikana kwa kusomesha wasioona pamoja na wanaoona. Mtoto anayeandika nukta nundu, yaani Breli, kwa kibao na kalamu ya kutobolea huanza kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi ndipo vidole visome. Sasa tuseme mwalimu, wa shule yoyote ile, anagonga ubao: "Hii ukitoa hii, unabaki na hii." Wanaoona wamefuata. Asiyeona ameachiwa hii tatu, na namba hata moja hana. Angesema, "Kumi na mbili ukitoa tano, unabaki na saba," asingegharimika hata shilingi, na yule wa nyuma aliyekuwa akichungulia dirishani naye angesikia.

Maneno hayatoshi kila mahali. Mtoto kiziwi aliyeketishwa kati ya wanaosikia, pasipo mtu wa kuzungumza naye kwa ishara, yumo darasani na hayumo somoni. Ndiyo maana kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataja lugha ya ishara na Breli, na kinataka elimu iunganishwe na jamii kwa kadiri inavyomfaa mhusika.

Rejista ya asubuhi hujumlisha. Ukitaka kujua kama tumejumuisha, simama nje ya dirisha saa tatu, somo la hesabu likiendelea, usikilize: mwalimu amesema saba, au bado ni hii?