Mpepeso, Si Mshtuko

Kijitabu cha dawa za watoto kilichonifikia hivi karibuni kimeandika "dawa za kutibu mishtuko ya misuli", kikikusudia zile ziitwazo tics kwa Kiingereza, na kamati iliyokipitisha imeridhika. Mimi sikuridhika. Mshtuko huletwa na jambo la nje: mlango umebamizwa, habari mbaya imefika, waya wa umeme umeguswa. Mtoto anayepandisha bega, anayekunja pua au kukohoakohoa bila mafua hakushtushwa na kitu. Tena mzazi akisikia mishtuko, mawazo yanakimbilia degedege, naye ataomba dawa ya kifafa, maradhi ambayo mwanawe hana.

Nilipendekeza mpepeso, wingi mipepeso, na bado nalitetea neno hilo. Asili yake ni kupesa, yaani kufumba na kufumbua jicho. Silabi ikirudiwa tunapata kupepesa. Urudufishaji huo umebeba maana yote tunayoitafuta: tendo fupi, la ghafla, linalojirudia. Umbo lenyewe limejengwa kwa njia ileile iliyotupa mtetemeko. Isitoshe, kwa watoto wengi dalili hizi huanzia machoni. Na hebu jaribu kujizuia kupepesa: utaweza kwa muda, haja itapanda, mwishowe utaachia. Ndivyo wanavyoieleza hali yao wengi wenye ugonjwa ambao Georges Gilles de la Tourette aliueleza mjini Paris mwaka 1885. Mshtuko hauzuiliki hata kidogo. Mpepeso huzuilika, kisha hushinda.

Mjumbe mmoja alidai kwamba neno hili liko karibu mno na pepo, kwa hiyo litawapeleka wazazi kwa waganga. Hoja hiyo iliniudhi na inaniudhi hadi leo. Hakuna mama anayemwambia mwanawe "acha kupepesa macho" huku akiwaza ngoma ya kupunga. Nao wanaotaka tuandike tiki wakumbuke kwamba kwa mwanafunzi wetu tiki ni alama ya vema kwenye daftari.

Kutibu nako kuondolewe, maana wengi hukuelewa kuwa ni kuponya. Dawa hizi hupunguza tu, si kila mtoto anazihitaji, na wengi hupata nafuu wakikaribia utu uzima. Tuandike: dawa za kutuliza mipepeso. Klonidini hutuliza mipepeso, ila isikatizwe ghafla, shinikizo la damu lisije likapanda. Aripiprazoli nayo huituliza, lakini huweza kuongeza uzito.