Majivu ya Puteoli

Chokaa na mchanga vikichanganywa hushika pole pole kwa hewa. Lakini ukivitia baharini havishiki. Maji hulegeza yote na kuyachukua. Basi Warumi wa zamani walijengaje ndani ya bahari?

Karibu na Napoli, katika inchi ya Italia, uko mji wa Pozzuoli, ulioitwa zamani Puteoli. Udongo wa pale ni majivu yaliyotupwa na milima ya moto, jamaa za Nyiragongo yetu. Warumi waliona ya kuwa majivu hayo, yakikutana na chokaa, yanageuka jiwe hata chini ya maji. Vitruvius, fundi wao wa karne ya kwanza kabla ya Kristu, aliagiza kwa kazi za baharini sehemu 2 za majivu kwa sehemu 1 ya chokaa. Yeye alidhani nguvu hiyo yatoka kwa moto uliofichwa ardhini. Leo twajua kwamba silika na alumina za majivu ndizo zinazoshikamana na chokaa kwa msaada wa maji yenyewe, wala hazingoji hewa.

Mfalme Herode alipojenga bandari ya Kaisarea, tangu mwaka 22 hivi kabla ya Kristu, majivu yaletwa kwa merikebu kutoka Italia, safari ya kilometri 2,000 hivi. Je, si ajabu kusafirisha vumbi mbali namna hii? Lakini mwaka 2005 wataalamu walitoboa zege la bandari ile, na majivu ya Napoli yalionekana humo. Msomaji wa Matendo ya Mitume atakumbuka ya kuwa Paulo alifungwa Kaisarea, na alipopelekwa Roma alishuka Puteoli. Alifuata njia ya majivu, ila kinyume.

Huko Roma kwenyewe kuba la Pantheon, lililojengwa wakati wa kaisari Hadriano, lina upana wa metri 43, wala halina chuma ndani. Chini mafundi walitia mawe mazito, juu mawe mepesi ya milima ya moto. Mwaka 609 Papa Bonifasi IV aliligeuza hekalu hilo kanisa, na hivyo likaponea kubomolewa.

Baadaye ufundi huo ulififia sana. Mwingereza John Smeaton, alipojenga mnara wa taa juu ya mwamba wa Eddystone, miaka 1756 hadi 1759, mawimbi yakiupiga, aliagiza tena majivu ya Italia.